Siku ya Pili Ndiyo Inayouma: Wodini Baada ya Upasuaji wa Mgongo

Mgonjwa wa mgongo aliyetoka thieta mchana anaweza kuwashangaza ndugu zake jioni hiyo hiyo. Anaongea, anatabasamu, anasema ule moto uliokuwa ukishuka mguuni haupo tena. Ndugu wanarudi nyumbani wakiupigia simu ukoo mzima kwamba mambo yamekwenda salama. Kesho yake wanamkuta amekaza taya, hataki kuguswa, na mguu uliotulia jana unamchoma upya. Hapo maneno huanza: kapasuliwa vibaya, wamekata mshipa, ahamishwe hospitali.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Madaktari wengi huchoma dawa ya ganzi kwenye kingo za kidonda kabla ya kushona, na dawa hiyo huisha nguvu baada ya saa kadhaa. Dawa za nusukaputi nazo zimeshatoka mwilini. Uvimbe wa misuli iliyosogezwa pembeni, na wa mshipa wa fahamu ulioguswa wakati wa kazi, huendelea kupanda siku mbili tatu baada ya upasuaji. Kwa hiyo siku ya pili na ya tatu maumivu huongezeka hata pale kazi ilipofanyika vizuri kabisa.

Anayeuguza akilijua hilo mapema, hofu inapungua na macho yanabaki huru kuangalia linalostahili kuangaliwa. Linalotisha ni mabadiliko ya nguvu, ganzi au mkojo, si ukubwa wa maumivu. Mguu ulionyanyuka asubuhi na sasa haunyanyuki. Ganzi iliyokuwa unyayoni na sasa imepanda hadi mapajani. Mkojo uliokuwa ukitoka na sasa umegoma. Maumivu makubwa yaliyo sawasawa na ya jana yanahitaji dawa. Udhaifu mdogo ambao jana haukuwapo unahitaji daktari sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku na mgonjwa anaona aibu kusumbua.

Tunazungumzia hapa upasuaji wa mgongo wa chini, maana huko kiunoni ndiko diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, huchomoza na mishipa hubanwa zaidi. Karibu kila familia inayokwenda MOI (taasisi ya mifupa) pale Muhimbili, Bugando, KCMC au Kenyatta kwa ajili ya kiuno huambiwa moja kati ya mambo matatu. La kwanza ni kutoa kipande cha diski kinachokandamiza mshipa. La pili ni kukata sehemu ya mfupa wa nyuma wa pingili ili njia ya mishipa ipanuke. La tatu ni kuunganisha pingili mbili au zaidi kwa skrubu na vyuma, pamoja na vipande vya mfupa vinavyotarajiwa kuota na kushikamana. Ulizeni ni lipi limefanyika, na kwenye pingili zipi. Aliyetolewa diski peke yake anaweza kutembea jioni hiyo hiyo na kuruhusiwa baada ya siku moja au mbili. Aliyewekewa vyuma huchukua siku tatu hadi tano wodini, mara nyingine zaidi, na mgongo wake una misuli mingi iliyofunguliwa. Kulinganisha wagonjwa hawa wawili kwa sababu tu vitanda vyao vimepakana ni kujitafutia presha.

Saa za mwanzo

Mgonjwa akitoka thieta uso wake unaweza kuwa umevimba, hasa kope na midomo. Hajapigwa wala hajapewa dawa asizopatana nazo. Amelala kifudifudi kwa saa kadhaa na maji ya mwili yameshukia usoni. Uvimbe huu hupungua ndani ya siku moja au mbili kichwa kikiinuliwa kidogo. Koo litauma kwa sababu ya mpira wa kupumulia. Wengine husikia ganzi upande wa nje wa paja, mahali ambapo mfupa wa nyonga ulikandamizwa na mito ya meza ya upasuaji. Ganzi hiyo ni ya mshipa wa ngozi tu, haina uhusiano na nguvu za mguu, na kwa kawaida huondoka yenyewe. Kutetemeka kwa baridi na kichefuchefu pia ni mambo ya saa hizi.

Kazi kubwa ya nesi wakati huu ni kupima miguu: kwa kawaida kila dakika 15 katika saa ya kwanza, kisha kila nusu saa, kisha kila saa, halafu kila saa nne. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine, na anayekaa kando ya kitanda anaweza kujifunza kukitazama. Nesi anashika unyayo na kusema, "Mama, nikanyage mkono, sukuma kwa nguvu." Kisha, "Sasa vutia vidole huku usoni kwako, usikubali nivishushe." Halafu kidole gumba peke yake kinyanyuliwe juu huku yeye akikibonyeza chini. Halafu goti linyooshwe. Kila mwendo unasoma mshipa wake. Kidole gumba cha mguu kupanda ni kazi ya mshipa wa pingili ya tano ya kiuno zaidi ya mwingine wowote. Kukanyaga chini ni kazi ya mshipa ulio chini yake. Kunyoosha goti ni kazi ya mishipa iliyo juu yao.

Nguvu huandikwa kwa namba kutoka 0 hadi 5. Sifuri ni mguu usiotikisika kabisa, 3 ni mguu unaoweza kujinyanyua wenyewe lakini ukibonyezwa kidogo unashindwa, 5 ni nguvu kamili. Ulizeni namba ya kabla ya upasuaji. Mgonjwa aliyeingia thieta na 3 kisha akatoka na 3 hajaharibiwa. Aliyeingia na 5, akatoka na 5, na saa sita baadaye ana 3, huyo yuko hatarini.

Hatari hiyo mara nyingi ni damu iliyojikusanya ndani, kati ya mfupa na utando wa mishipa, ikaanza kukandamiza. Hutokea zaidi ndani ya saa 24 za kwanza. Dalili zake hufuatana: maumivu ya mgongo yanayopanda haraka licha ya dawa, kisha ganzi, kisha miguu kulegea, na mara nyingine mkojo kuziba. Tiba yake ni kurudi thieta kuondoa damu hiyo, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya mishipa kurudia hali yake. Ndiyo maana hatukubaliani na tabia ya kusema "ngoja daktari aje asubuhi kwenye raundi" pale mguu unapobadilika usiku. Nendeni kwa nesi, mwambieni kwa maneno haya haya: "Sista, saa mbili alikuwa ananyanyua kidole gumba, sasa hawezi." Ukisema "mgonjwa anaumwa sana," kila mgonjwa wodini anaumwa sana; ukitaja saa na kiungo, daktari wa zamu ataitwa.

Dalili nyingine isiyongoja ni ganzi ya sehemu ile inayogusa kiti cha baiskeli: katikati ya mapaja, sehemu za siri, na kuzunguka njia ya haja kubwa. Wagonjwa wetu hawaisemi kwa hiari, hasa mbele ya mtoto au mkwe. Kwa hiyo aulizwe faraghani, na mtu wa jinsia yake ikiwezekana: ukijifuta, unasikia kitambaa?

Mrija, mpira na dripu

Kando ya kidonda huenda kuna mrija mwembamba unaoingia kwenye chupa iliyobonyezwa ili ivute damu. Si kila upasuaji unaachiwa mrija. Ukiwapo, kinachotoka saa za kwanza ni damu nyekundu, kisha hupauka na kupungua, na mrija hutolewa kati ya siku ya kwanza na ya pili, au pale kiasi kinaposhuka hadi kile daktari alichokitaja. Chupa isining'inie kwa uzito wake, isikae juu ya usawa wa mgongo, na mtu asiifungue kumwaga. Anayemwaga ni nesi, kwa sababu kiasi lazima kiandikwe. Chupa ikijaa ghafla damu mbichi, au ikianza kukusanya majimaji mengi yasiyo na rangi, nesi aambiwe hapo hapo.

Majimaji hayo yana maana yake. Mishipa ya fahamu imezungukwa na utando uliojaa maji, na wakati wa upasuaji utando huo unaweza kutoboka, hasa kwa wazee na kwa waliowahi kupasuliwa mahali pale pale. Daktari huushona au kuuziba na kuandika kwamba mgonjwa alale bapa kwa muda, mara nyingi siku moja au zaidi. Alama ya kuvuja ni kichwa kuuma vibaya mara tu mgonjwa anapoketi au kusimama, kisha kupoa akilala, au bandeji kulowa maji mepesi yasiyokoma. Mgonjwa wa namna hii akiambiwa asinyanyuke, asinyanyuliwe "kidogo tu anywe uji." Uji anywe kwa mrija wa kunywea soda akiwa amelala ubavu.

Mpira wa mkojo kwa wengi hutolewa asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji. Hapo saa inaanza kuhesabiwa: ndani ya saa sita hadi nane mgonjwa awe amekojoa, na mkojo upimwe kwenye chombo chenye alama. Wengi hushindwa mara ya kwanza kwa sababu za kawaida: mofini na tramadoli, dawa kali za maumivu, hulegeza kibofu, wanaume wenye tezi dume kubwa tayari wana kizuizi, na kukojoa umelala chali mbele ya wodi nzima si jambo jepesi. Kama ameruhusiwa kusimama, asimamishwe kando ya kitanda, pazia livutwe, bomba la maji lifunguliwe asikie. Akitoa mililita 50 kila baada ya dakika kumi huku tumbo la chini limejaa na kuuma, huko si kukojoa. Ni kibofu kilichojaa kinachomwagika pembeni. Kibofu kikipita mililita 500 kinaanza kuvutika kupita kiasi, kwa hiyo mpira hurudishwa na kujaribiwa tena baadaye. Kurudishiwa mpira peke yake si habari mbaya. Mpira pamoja na ganzi ya mapajani ni habari nyingine kabisa, kama tulivyosema.

Kuhusu antibiotiki, ndugu hulalamika: mbona kachomwa sindano moja tu, na kitanda cha pili anachomwa kila siku? Dozi yenye kazi kubwa ni ile inayotolewa ndani ya saa moja kabla ya ngozi kukatwa. Kwa upasuaji safi usio na maambukizi, kuendelea nayo zaidi ya saa 24 hakujaonekana kuongeza kinga, na kunazoesha vijidudu. Wa kitanda cha pili huenda ana ugonjwa mwingine.

Dawa za maumivu zina saa zake

Kosa linalotesa wagonjwa wengi ni kungoja maumivu yafike kilele ndipo dawa iombwe. Mofini ya sindano ikiombwa mgonjwa akiwa analia, itachukua muda kuandaliwa na muda mwingine kufanya kazi, na kiasi kitakachohitajika ni kikubwa zaidi. Dawa za ratiba zimezwe kwa saa zake hata kama mgonjwa amelala vizuri, hasa saa 24 za pili.

Msingi wa ratiba hiyo ni parasetamoli. Mtu mzima mwenye uzito wa kutosha hupewa gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila saa sita, na isizidi gramu 4 kwa siku nzima. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au ini bovu hupunguziwa. Watu huidharau kwa sababu inauzwa kila duka, lakini ikimezwa kwa saa hupunguza mofini inayohitajika. Hatari ipo pale ndugu anapoleta Panadol kutoka nyumbani bila kujua kwamba ile dripu ndogo ya chupa iliyotundikwa asubuhi nayo ni parasetamoli.

Juu yake huja tramadoli au mofini. Zote hufunga choo, huleta kichefuchefu na usingizi. Usingizi ambao mtu anaamka akiitwa na kujibu kwa akili ni wa kawaida. Asiyeamshika vizuri, anayekoroma kwa namna ngeni, au anayevuta pumzi chini ya mara kumi kwa dakika, nesi aitwe mara moja, na dozi inayofuata isitolewe. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima, si kwa kukisia. Kwa maumivu ya kuchoma na umeme mguuni huongezwa gabapentini au pregabalini. Hizi huleta kizunguzungu, kwa hiyo safari ya chooni baada ya kuzimeza ni ya watu wawili.

Diklofenaki ndiyo dawa ambayo ndugu huinunua duka la dawa na kuiingiza wodini kimyakimya. Msifanye hivyo. Ina kazi yake, na madaktari wengine huiandika kwa siku chache, lakini inaweza kuongeza kuvuja damu, inaumiza tumbo na figo, na kwa aliyeunganishwa pingili wapo madaktari wanaoikwepa kwa kuhofia kuchelewesha mfupa kuota. Uamuzi uwe wa aliyempasua. Kwa sababu hiyo hiyo ya mfupa, mwenye kuvuta sigara asivute. Nikotini huzuia vyuma kupata kile vinachokingoja, yaani mfupa mpya.

Kugeuka na kunyanyuka

Wodini utasikia neno "mgeuzeni kama gogo." Maana yake mabega na nyonga ziende pamoja, kiuno kisisokotwe. Akilala chali, magoti yakunjwe, mto uwekwe katikati ya magoti, mikono ikunjwe kifuani. Mmoja ashike bega na nyonga upande wa mbali; kama ni mzito, wa pili ashike paja na mguu, na shuka iliyokunjwa mara mbili chini yake ivutwe pamoja. Hesabuni kwa sauti, moja, mbili, tatu, na wote wavute kwa pamoja. Mgongo ukishageuka, mto nyuma, mto kati ya magoti. Abadilishwe ubavu kila saa mbili kama hawezi mwenyewe. Kisigino kinahitaji macho: kiwekewe mto chini ya kigimbi ili chenyewe kielee hewani. Ngozi ya kisigino au ya tako ikiwa na wekundu, au weusi mpya kwa ngozi yetu, ambao haupotei ukibonyeza kwa kidole, hicho ni kidonda cha kitandani kinachoanza.

Godoro lenyewe si lazima liwe gumu. Ile imani ya kulaza mgonjwa kwenye ubao haina faida, na inaleta vidonda. Godoro la kawaida lisilobonyea katikati linatosha.

Kunyanyuka kuna hatua zake, na mtaalamu wa viungo atazifundisha mara ya kwanza. Mgonjwa anageuka ubavu kwanza, mpaka ukingoni mwa kitanda. Miguu inateremshwa chini wakati huo huo kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu vinasukuma godoro, ili uzito wa miguu usaidie kiwiliwili kupanda. Anakaa ukingoni dakika mbili au zaidi, anachezesha vifundo vya miguu, anaangalia mbele. Wengi huzirai hapa, si kwa udhaifu wa mgongo bali kwa sababu presha hushuka baada ya kulala na kutumia mofini. Akitoka jasho baridi au akisema macho yanaingia giza, alazwe ubavu tena, asilazimishwe. Akiwa sawa, nyayo ziwe sakafuni zikiwa zimetengana, asogee ukingoni, asimame kwa kusukuma kwa mapaja. Msimsaidie kwa kumvuta mikono wala kumshika makwapani. Simameni ubavuni, mkono mmoja kiunoni juu ya nguo, chini ya kidonda.

Siku ya kwanza hatua kumi hadi mlangoni ni kazi nzuri. Kutembea mara nyingi kwa umbali mfupi kunashinda safari moja ndefu. Kuketi ndiko kunakobana kiuno zaidi, kwa hiyo aketi dakika 20 hadi 30 tu kwa wakati mmoja, kwenye kiti chenye mikono na cha urefu unaoacha magoti usawa wa nyonga au chini yake kidogo. Kochi la sebuleni lenye kuzama lisubiri wiki kadhaa.

Akilala, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini mara kumi hadi ishirini kila saa aliyo macho, na avute pumzi ndefu kumi. Vya kwanza huzuia damu kuganda miguuni, vya pili hufungua mapafu. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma kuliko kingine, kisichuliwe. Hapa tunasisitiza kwa sababu kuchua ndiyo huduma ya kwanza ya kila shangazi anayekuja na chupa ya mafuta. Damu iliyoganda ikichuliwa inaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Pumzi inakata ghafla na kifua kinauma. Kukanda kwa maji ya moto nako kuna hatari yake: mguu wenye ganzi hausikii moto, na malengelenge huonekana baada ya ngozi kuungua.

Tumbo na choo

Baada ya nusukaputi na mofini matumbo hulala. Aanze na maji kwa vikombe vidogo, kisha uji mwepesi au chai, na chakula kizito kisubiri mpaka tumbo liwe laini na aanze kutoa upepo. Ugali na maharage vya siku ya kwanza, vilivyoletwa kwa upendo kwenye hotpoti, ndivyo vinavyomfanya atapike usiku akiwa na kidonda cha mgongo. Tumbo likivimba kama ngoma na asitoe upepo wala kubakiza chakula, daktari aambiwe.

Dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile ya mofini, isingoje siku tatu zipite. Papai, maji ya kutosha na kutembea vinasaidia lakini havitoshi peke yake dhidi ya mofini. Kama hajapata choo kufikia siku ya tatu, nesi aulizwe kuhusu dawa ya kuingiza kwa nyuma. Kujikamua kwa nguvu hupandisha shinikizo mgongoni, na maumivu yake humfanya mgonjwa aogope choo, kikazidi kukauka.

Kisha lipo suala la choo cha kuchuchumaa. Miongozo iliyoandikwa nje haikigusi, na huko ndiko wagonjwa wetu huumia. Kuchuchumaa hukunja kiuno mpaka mwisho, na kunyanyuka kutoka pale kunahitaji mapaja yenye nguvu ambayo mgonjwa hana. Kabla hajaruhusiwa, nyumbani kuandaliwe kiti cha plastiki chenye mikono, kilichotobolewa katikati na kulainishwa kingo, kiwekwe juu ya tundu. Kijaribiwe kwanza na mtu mzito mwenye afya. Sakafu isiwe na maji wala sabuni. Ndoo ya maji iwekwe juu ya stuli kwa urefu wa kiuno, maana kuinama kuchota kwa kopo na kujipinda kujitawaza ni kuinama na kusokota kwa pamoja, mambo mawili yaliyokatazwa. Kopo lenye mpini mrefu husaidia, na wiki ya kwanza msaada wa mtu wa karibu si aibu.

Jambo la tatu lililokatazwa ni kunyanyua vitu. Kiwango hutofautiana kwa daktari, lakini kwa wiki za kwanza wengi husema kisizidi kilo mbili hadi nne. Dumu la lita tano tayari limepita. Ndoo ya lita ishirini isitajwe. Mtoto mchanga abebwe na mwingine, kisha alazwe kifuani mwa mama aliyejilaza akiwa macho.

Wagonjwa Waislamu huuliza kuhusu rukuu na sijda. Sheria yenyewe imeweka wepesi: mgonjwa huswali akiwa ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu, kwa ishara. Kiti kinatosha, kiuno kikibaki wima.

Homa, kidonda na safari

Joto la 38 au juu kidogo siku mbili za kwanza ni la kawaida, mwili unajibu jeraha. Homa inayoanza au kupanda baada ya siku ya tatu hutafutiwa chanzo: mkojo, mapafu, mshipa wa damu uliochomwa kanula (sindano ya dripu), kigimbi, kidonda. Malaria nayo ipimwe, lakini kipimo kitangulie dawa. Maambukizi ya kidonda chenyewe huwa hayaharakishi. Hujitokeza zaidi mwishoni mwa wiki ya kwanza na katika ya pili, mgonjwa akiwa nyumbani. Kidonda kinachozidi kuuma badala ya kupungua, kinachotoa usaha au majimaji, au kilichoachia mshono, kirudishwe hospitali, kisipakwe asali wala unga wa kapsuli. Wenye kisukari wapimwe sukari kila siku, maana sukari ikikaa juu ya 10 (mmol/L) kidonda hakifungi vizuri. Mayai, samaki, dagaa na maharage vina kazi hapa baada ya tumbo kufunguka.

Kwa mzee anayechanganyikiwa usiku, anayeona watu wasiokuwapo au kuvuta mirija, angalieni kwanza kibofu, maumivu na dawa alizopewa. Mtu mmoja anayemfahamu akae naye, avae miwani yake, taa isizimwe kabisa. Dawa ya usingizi mara nyingi huongeza tatizo.

Ganzi na udhaifu haviondoki kwa kasi ya maumivu. Kwa aliyetolewa diski, maumivu ya mguu ndiyo huondoka kwanza, nguvu hufuata kwa wiki na miezi, na ganzi huwa ya mwisho, na mara nyingine kipande chake hubaki. Mgonjwa anayeruhusiwa akiwa bado hasikii unyayo vizuri avae viatu vilivyofungwa, kwani kandambili humvuka bila yeye kujua na hapo ndipo anapoanguka.

Safari ya kurudi nyumbani ipangwe kabla ya karatasi ya ruhusa. Bajaji na bodaboda hazifai. Kwenye gari dogo kiti cha mbele kilazwe nyuma kiasi, aingie kwa kukaa kwanza na kisha kuzungusha miguu yote miwili pamoja, na gari lisimame kila baada ya saa moja hivi ashuke atembee. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mgonjwa wa siku ya tano hafai kwa basi la siku nzima, afadhali abaki wiki moja au mbili kwa ndugu mjini mpaka nyuzi zitolewe, kati ya siku ya 10 na ya 14. Wa Morogoro na Dodoma wamepata nafuu tangu 2024, kwa sababu kwenye treni ya SGR anaweza kusimama na kutembea korido badala ya kubanwa kitini. Karatasi ya ruhusa iwe na aina ya upasuaji, pingili zilizoguswa, nguvu za miguu kwa namba siku ya kutoka, na tarehe ya kutoa nyuzi. Hospitali ya wilaya ikimpokea na tatizo usiku, hizo namba ndizo watakazolinganisha nazo.